Chalii wa Unga Limited na taarab yake

SWALI: Shikamoo kaka. Mi ni dereva wa watalii, nina miaka 36, nimezaliwa na kukulia Unga Limited hapa Arusha, mama yangu ni mtu wa Tanga. Mtaani kwetu ni hip hop tu na mimi nimeimba hip hop ujanani, bado naipenda. Ila ukweli wa moyoni nyimbo ninazozipenda kuliko zote ni taarab, hasa Khadija Kopa, na kuna wimbo wa zamani wa Shakila naweza kuurudia kutoka Karatu mpaka Makuyuni. Juzi tuko Kwa Mrombo tunakula nyama choma simu yangu ikajiunga yenyewe kwenye spika ya mshkaji, taarab ikaanza kuunguruma, wana wakacheka mpaka kesho yake, sasa hivi kwenye grupu naitwa Bi Mipasho. Wife nae anasema kurudia wimbo mmoja namna ile sio kawaida. Na mi nilikua nimepanga Idi niende Tanga kwenye shoo ya taarab, ila naona aibu hata kuomba likizo. Je nina tatizo? Na nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Najua uko barabarani na wageni kwahiyo nikupe la haraka kwanza alafu ndo nijieleze: huna tatizo lolote, wimbo urudie, Tanga nenda, na likizo omba kama unavyoiomba ukiwa na harusi ya ndugu. Yanayofuata ni kwa nini nasema hivyo, na ntaenda mbele na nyuma kidogo, maana umegusa kitu ambacho ndo kimenilisha mimi na watoto wangu miaka yote hii.

Kabla sijaanza kushika maiki redioni na kupiga muziki kwenye maharusi nilikua na kibanda cha kurekodi kanda karibu na soko la Kilombero. Wewe kwa umri wako hizo kanda umezikuta mwishoni mwishoni. Mtu anakuja na kanda yake mpya ya TDK, dakika 60 au 90, anakuachia na karatasi ameandika nyimbo anazotaka, upande A na upande B, jioni anapitia. Sasa zile karatasi zilinifundisha binadamu kuliko shule. Chalii anakuja kofia kaigeuza nyuma, suruali inafagia lami, karatasi yake juu kabisa kaandika Tupac kwa herufi kubwa na kapiga mstari, anashuka, Nas, Mobb Deep, ngumu tupu, alafu kule chini kabisa mwisho wa upande B, kwa herufi ndogo utadhani wino ulikua unaisha, kaandika Celine Dion. Na pembeni kaongezea: "ya sista". Yani kila mtu alikua na sista. Arusha nzima ilikua imejaa masista wanaopenda Celine Dion, Westlife, Don Williams na Khadija Kopa, na kati ya masista hao sijawahi kumuona hata mmoja akija kuchukua kanda. Na watu walikua wanarekodi juu ya kanda ile ile baada ya muda, kwahiyo zinarudi kwangu, naziweka kwenye deki nisikilize hali yake, na mkanda unaanza kuyumba sauti wapi? Mwisho wa upande B. Pale pale kwa sista.

Kwahiyo usidhani we ndo wa kwanza, na hao waliokucheka Kwa Mrombo nina wasiwasi nao sana.

Tuangalie hiyo aibu yenyewe. Ule wimbo ukiwa peke yako unashuka ule mteremko wa kuja Mto wa Mbu hauna aibu, ukiingia kwenye spika ya mshkaji una aibu, na haujabadilika hata noti moja. Waliobadilika ni waliokaa pale. Kuna msomi mmoja wa Ufaransa, Pierre Bourdieu, mwaka 1979 alitoa kitabu kizima baada ya kuwauliza watu wa kule wanapenda nini, muziki gani, picha gani, chakula gani, na alichokiona ni kwamba ladha inaenda na tabaka, mtu anapenda kitu na wakati huo huo anatumia kile kitu kuonyesha yeye ni wa wapi na hasa kuonyesha yeye SIO wa wapi. Kule Ufaransa ilikua ni wasomi na wafanyakazi wa viwandani. Huku kwetu Chuga, yani Arusha, mstari haupiti kwenye usomi, unapita kwenye ugumu. Chalii wa Arusha lazima awe mgumu, aongee kwa sauti nzito, na muziki wake uwe mzito. Taarab ikaonekana ni ya wamama, ni ya pwani, ni ya sherehe za kumtoa mwali. Kwahiyo waliposikia ile sauti kwenye spika hawakusikia muziki, walisikia kwamba we umevuka mpaka.

Na hii ya kumcheka mtu kwa muziki haijaanza na grupu lenu la WhatsApp. Siti binti Saad, yule muimbaji wa Zanzibar ambae bila yeye pengine hata hiyo taarab ya Kiswahili usingeijua ilivyo, alitoka shamba Unguja akaingia mjini akiwa masikini, na alipoanza kupata jina wakamtungia wimbo wa kumkejeli, kwamba alikuja mjini kavaa kaniki na kama sio sauti angekula nini. Yeye alijibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo sio hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Mwaka 1928 akasafiri mpaka Bombay kurekodi santuri, na zile santuri zikapigwa pwani yote hii. Waliomcheka hatuwajui hata majina.

Sasa nije kwenye kitu ambacho ndo nilitaka kukuambia tangu mwanzo, maana naona wewe mwenyewe unaongea utafikiri una nafsi mbili, moja ya hip hop moja ya taarab, na moja inajificha kwa mwenzake. Mi nasema ni nafsi moja. Yani umependa kitu kile kile mara mbili.

Angalia. Hip hop uliyokulia nayo, ukitoa biti, imebaki nini? Imebaki mtu anasimama mbele ya watu anamwambia mwenzake maneno makali kwa vina, anamzunguka, hamtaji jina, ila kila mtu ukumbini anajua anaambiwa nani. Hiyo ni kudisi. Na mipasho ni nini? Ni hicho hicho. Miaka ya 90 pale Dar, kulikua na vikundi viwili vya taarab, TOT walikua na Khadija Kopa, Muungano walikua na Nasma Khamis, huyu akitoa wimbo yule anajibu, na mji unagawanyika kati, watu wanaenda ukumbini kusikiliza leo atajibiwaje. Hiyo ni bato, hamna jina lingine. Tofauti ni kwamba wale walikua wamevaa madera na dhahabu na ninyi mlikua mmevaa buti, lakini ukali wa maneno, wallahi, wamama wale wangewamaliza nyote dakika kumi.

Na kama unataka kuliona jambo hili kwa macho, fanya hivi siku wageni wakiwa wamelala lodge na we huna kazi. Chukua kalamu na karatasi. Weka wimbo wowote wa taarab unaoupenda, andika ubeti mmoja tu, mstari kwa mstari, unasimamisha unarudisha. Alafu hesabu silabi za kila kipande. Nyingi utakuta kipande kina mizani nane alafu kapumzika kidogo alafu nane tena, nyingine sita kwa sita. Sasa piga mstari chini ya silabi ya mwisho ya kila kipande. Utaona vina viwili, cha kati na cha mwisho, vinatembea ubeti mzima bila kukosea. Ukimaliza hapo, andika na mistari yako mwenyewe ya zamani uliyokua unachana, au ya msanii yeyote wa Chuga unaemheshimu, nayo ipigie mistari chini. Utakuta na nyie mlikua mnahangaika na kitu kile kile, kina cha katikati ya mstari na kina cha mwisho, ila nyie mna uhuru wa kuzidisha silabi na kuzibana kwenye biti, mwenzenu wa taarab hana huo uhuru, mizani ikisema nane ni nane, na ndani ya hiyo nane lazima aingize fumbo, lazima limuume mtu, na lazima wamama waweze kuliitikia. Hapo ndo utajua kwa nini sikio lako limenasa. Umefundishwa na mtaa kusikiliza maneno, alafu ukakutana na watu wanaoyachonga maneno kuliko wote.

Na huu mji wenyewe unaojiita wa wagumu tuukumbushe kidogo. Hapa hapa Arusha mwanzoni mwa miaka ya 70 palikua na bendi inaitwa Arusha Jazz, walioiongoza ni ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, wakavuka kwenda Kenya na kule wakawa Simba Wanyika, na mwaka 1978 wengine wakatoka humo wakaanzisha Les Wanyika, wale ambao nyimbo zao mpaka leo harusi ya Moshi haiishi bila kuzipiga. Magitaa laini, sauti za kubembeleza, wanaume wazima wanalia kwa mapenzi. Ilitoka hapa. Alafu twende miaka ya 2000, X Plastaz, kundi la hapa hapa Arusha, wamechukua hip hop wakaweka ndani yake sauti za kimasai za muimbaji wao Merege, wakaizungusha Ulaya. Walichanganya tu walichokua nacho nyumbani. Wewe nyumbani ulikua na mama wa Tanga. Ulitaka uchanganye nini sasa?

Huyo mama nisimpite. Umeandika kama kitu cha pembeni tu, "mama yangu ni mtu wa Tanga", ila kwangu mimi hiyo ndo nusu ya barua yako. Wanaochunguza kumbukumbu wameona mara nyingi kwamba nyimbo zinazokaa na mtu mpaka uzee ni zile za ujana wake, kuanzia miaka kama kumi hivi mpaka ishirini na kitu, na mara nyingi zinaongezeka na zile za wazazi zilizokua zinapigwa nyumbani ukiwa mdogo. Taarab yako haikuanzia kwenye simu. Ilianzia kwenye redio ya mama yako akiwa anachambua mchele, mi sikuwepo ila naweza kukuwekea dau.

Haya, kurudia. Hapa wife ana hoja na hana hoja.

Mwaka 1968 mwanasaikolojia mmoja, Robert Zajonc, alionyesha kwamba mtu akikutana na kitu mara nyingi, hata kama mwanzo hakikumwambia chochote, anaanza kukipenda kwa sababu tu amekizoea. Redio zote zinaishi kwa siri hiyo, na mi nimeshawapendezesha watu wa Arusha nyimbo mbovu kabisa kwa kuzipiga kila siku, huo ndo ukweli wa kazi yetu. Lakini kuzoea kuna mwisho wake, kuna mahali mtu anakinai. Wimbo unaourudia miaka bila kukinai huo una kitu kingine. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliwauliza watu kuhusu wimbo mmoja wanaourudia kuliko zote, na wengi wakasema wanausikiliza kila siku au mara kadhaa kwa wiki, wengine wakiumaliza wanauanza tena hapo hapo. Na waliorudia zaidi sio wenye nyimbo za furaha. Ni wenye nyimbo zenye utamu na huzuni kwa pamoja.

Sasa we umesema Shakila. Mwanamke alieimba kwamba macho yanacheka moyo unalia! Unataka mchanganyiko gani zaidi ya huo? Na sikiliza ile taarab ya Tanga ya wakati wao ilivyopangwa, hawakua na jeshi la mafidla kama Unguja, walichukua gitaa la umeme, besi, kinanda na ngoma kidogo, basi, kwahiyo kuna nafasi kubwa katikati, gitaa linasema kitu kifupi linanyamaza, sauti inaingia taratibu bila presha, haipigi kelele hata pale inapoumia. Nyimbo zenye nafasi hazichoshi, kila ukirudi unakuta kitu ulikua hujakisikia, leo unafuata besi, kesho unafuata jinsi anavyoivuta silabi ya mwisho. Ndo maana unaweza kutoka nayo Karatu mpaka Makuyuni.

Alafu kuna ile sehemu. We mwenyewe unaijua, sitaki uniambie ni ipi, ila ndani ya huo wimbo kuna sehemu moja unaisubiri, na sekunde chache kabla haijafika mkono unalegea kwenye usukani na vinyweleo vinaanza kusimama. Mwaka 2011 pale Montreal, Kanada, Valorie Salimpoor na Robert Zatorre waliwapima watu ubongo wakiwa wanasikiliza nyimbo zinazowasisimua, wakakuta ubongo unamwaga dopamini, hii kemikali ya raha ambayo inatoka mtu akila kitu kitamu, na inaanza kutoka KABLA ya ile sehemu kufika, wakati mtu anaisubiri, alafu inatoka tena ikifika. Kwahiyo kuujua wimbo hakuui raha yake. Kuujua ndo kunakufanya uweze kusubiri. Mtu anaesikia wimbo mara ya kwanza hana cha kusubiri.

Mwambie wife hivyo, ila umwambie kwa upole, maana nae inawezekana ameumbwa tofauti. Kuna watu wazima wa afya, wanafurahia chakula, wanafurahia hela, lakini muziki wowote ule hauwagusi kabisa, watafiti wa Barcelona waliwapima mwaka 2014 na sio kwamba wanaringa, ndo walivyo. Na hata kama yeye sio wa kundi hilo, bado wimbo wako unaourudia mara nane jikoni kwake ni kelele. Nunua hedifoni. Hilo la hedifoni sio la kujificha, ni la adabu ya nyumba.

Lini ingekua tatizo? Kama unarudia wimbo kwa sababu huwezi kuamka kitandani, au umeachwa na unajichoma nao usiku kucha, kazi huendi, hapo ongea na mtu. Wewe unaendesha gari, unalea, unachoma nyama. Tuendelee.

Nikuambie kuhusu ushabiki sasa, maana kupenda wimbo na kuwa shabiki ni vitu viwili. Siku hizi ukisema shabiki watu wanafikiria Instagram, Timu Kiba na Timu Mondi, yani mashabiki wa Alikiba na wa Diamond, watu wanatukaniana mama zao kwa ajili ya namba za yutubu, kijana hajawahi kulipa hata kiingilio cha shoo moja ya huyo anaemtetea. Kugawanyika sio kitu kipya, bendi za dansi za Sikinde na Msondo wamegawana Dar miongo na miongo, Tanga kulikua na vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, hata ngoma za beni za enzi za babu zetu zilikua na Marini na Arinoti, watu wanashindana kwa sare na kwa sherehe. Lakini wale walikua wanajitokeza. Wanashona sare, wanachanga, wanajaza ukumbi. Ushabiki ulikua na gharama na ndo maana ulikua na raha. Kumtukana mtu kwenye komenti hakuna gharama yoyote. Usiende huko. Na usimfanye msanii ndugu yako wa damu, nae ni binadamu, ana siku yake ya kuamua mambo yake. Mzee Yusuf, muimbaji wa taarab, mwaka 2016 alitangaza kuacha muziki na kushika dini, watu wakabaki midomo wazi utadhani walikua wamesaini nae mkataba. Nyimbo zilikua bado ziko pale pale kwenye simu zao.

Kwa wana wa grupu ushauri wangu ni mfupi. Usijitetee. Usiwaandikie maelezo marefu kwamba eti taarab ina historia na nini na nini, hata haya niliyokuandikia mimi usiwatumie, utakua umewapa kitabu cha kukuchekea mwaka mzima. Na usije ukasema ilikua simu ya wife, hiyo ndo "ya sista" nyingine. Wakikuita Bi Mipasho itikia abee. Alafu siku nyingine mko Kwa Mrombo, nyama bado iko jikoni watu wana njaa na wamechangamka kidogo, weka mwenyewe. Usiweke Shakila, Shakila ni wa peke yako na wa mteremko. Weka Khadija Kopa ule wa mipasho mikali, sauti ya kutosha, kaa kimya, na mstari mkali ukifika rudisha nyuma waskie tena. Mi nimefanya maharusi Moshi miaka mingi, ndafu ikishaingia na kukatwa na wazee wakishakaa vizuri, nikiteremsha taarab wanaoinuka wa kwanza ni wamama ndio, ila angalia meza za nyuma za wanaume. Vidole vinagonga meza. Midomo inatembea. Wanajua beti zote, na kesho yake wako Pasua au Kiboriloni wanasema wao ni bolingo na hip hop tu. Nakuhakikishia kwenye hilo grupu lako kuna wawili watakufuata inbox kukuomba huo wimbo. Watasema ni wa mama mkwe.

Likizo. Bosi wako hahitaji kujua ni taarab, ila pia usimdanganye kwamba kuna mgonjwa, watu wa Arusha tunajuana na picha zitaonekana. Sema unaenda Tanga, kwa wajomba, kuna shughuli. Yote ni kweli. Cheki tu Idi isikukute kwenye msimu wageni wamejaa, na iombe mapema kabla ratiba za safari hazijapangwa, madereva wengi wanakosa likizo sio kwa sababu ya sababu, ni kwa sababu wanaomba wiki ya mwisho.

Ukienda kwa basi unapita Moshi, Same, Korogwe, ukifika Segera linakata kushoto kuelekea Muheza. Toka asubuhi ili ufike ulale kidogo, maana taarab haianzi saa iliyoandikwa kwenye tangazo, usije ukafika saa mbili usiku ukakuta wanafunga nyaya ukasema umetapeliwa. Vaa vizuri. Hapa huku shoo unaenda na jinzi na raba, kule watu wanavaa, wamama watakua wamenukia udi na wewe usiwe pale na fulana ya kampuni.

Na kutunza, yani kumpa muimbaji hela akiwa anaimba. Hiki ndo kitu ambacho sipendi uende bila kukijua, maana ndo ushabiki wenyewe ulipo. Badilisha hela mapema upate noti ndogo ndogo, elfu moja moja na elfu mbili mbili, usitegemee chenji ukumbini. Wimbo ukianza usiinuke na muziki wa mwanzo, wale wanaoinuka kwenye muziki wa mwanzo wanajionyesha wao. Subiri ubeti. Ukifika ule unaokugusa, inuka, nenda mbele taratibu kwa kufuata mdundo, noti iko juu mkononi watu waione, mpe muimbaji mkononi au weka pale walipoweka chombo, cheza kidogo, rudi ukakae. Usigande mbele ukawaziba wenzako. Hakuna mtu atakaekushangaa wewe ni mwanaume au umetoka Arusha, watakaoshangaa ni wakikuona umekaa na ubeti mzuri unapita.

Ila uangalie unainuka kwenye ubeti gani. Kule kuinuka ni kusema. Ukitunza kwenye ubeti wa jirani mnafiki, wote watageuka kuangalia umekaa karibu na nani, na huyo uliekaa nae atajua ni yeye hata kama mmekutana leo. Nimeona watu wakinuniana mpaka asubuhi kwa noti ya elfu moja. Kwahiyo kama utamchukua wife, na mi nakushauri umchukue, aione hiyo kitu unayoirudia ikiwa na watu na taa na marashi badala ya kuisikia kwenye spika ya simu, basi sikiliza kwanza maneno yanaelekea wapi. Wakianza ule wa mwanamke asie na shukrani kwa mumewe, we baki kwenye kiti, kunywa soda yako, angalia mpiga kinanda.